Daftari la Neno Moja

Ukimwambia Philemon Mghanga jambo lolote, hata kwamba mvua imeanza, alikurudishia kwanza maneno yako. "Umesema: mvua imeanza." Ndipo alipotazama dirishani. Ukikohoa katikati, alikitaja na kikohozi. Binti yangu Emma, alipokuwa na miaka minane, alidhani ni mchezo. Alimsimulia habari ndefu za ajabu kuhusu farasi na walimu wake, naye mzee alizirudia zote bila kuacha neno, uso mkavu, mpaka mtoto akaanguka kwa kicheko.

Haukuwa mchezo. Kwa miaka thelathini na mmoja Philemon alikaa katika chumba kisicho na dirisha hapa Croydon, vipokea sauti masikioni, mguu kwenye kikanyagio cha kusimamisha kanda, akichapa kila kilichosemwa katika vikao na kesi ndogondogo. Kanuni ya kazi ilikuwa kuandika kilichosemwa, si kile unachodhani mtu alitaka kusema. Alistaafu, lakini mguu wake wa kulia uliendelea kukanyaga sakafu taratibu kila mtu alipoongea haraka.

Nilimfahamu maktabani, chuoni ninakofanya kazi. Alikuja mezani kwangu akiwa na koti la mvua lililokunjwa vizuri mikononi, akaniomba kwa Kiingereza kamusi kubwa kuliko zote, kitabu chenye herufi M. Matamshi yake yalinifanya nimjibu kwa Kiswahili.

"Mzee, umetoka Taita?"

"Umesema: umetoka Taita. Ndiyo. Wundanyi. Na wewe?"

"Voi."

"Voi kuna joto," akasema, kana kwamba ananipa pole.

Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine, na daima alitaka kitabu kilekile. Ilipofika Krismasi alikuwa anakuja nyumbani kwetu kila Jumamosi kunywa chai, kwa kuwa alikaa jengo la pili tu, upande wa reli ya tramu. Chai ya maziwa, tangawizi nyingi, na viazi karai ambavyo alisema nimevikosea chumvi hata nilipokuwa sijavikosea.

Alikuwa na daftari la shule lenye jalada la bluu, na ndani yake aliandika habari za neno moja tu la Kiingereza, misreport. Sisi hatuna neno moja la namna hiyo. Tunasema kuripoti visivyo, au kupotosha habari. Philemon hakukubali kupotosha.

"Anayepotosha anajua anachofanya," aliniambia. "Hili lao halikwambii. Mtu amekosea, mtu amekusudia, neno ni lilelile."

Alilifuata neno hilo kama watu wengine wanavyofuata ukoo. Mzizi wake ni wa Kilatini, aliandika, na maana yake ni kubeba kitu na kukirudisha. Ulipita Ufaransa, ukaingia Uingereza, na hapo ukabandikwa mbele kipande chenye maana ya vibaya. Lina zaidi ya miaka mia tano. Zamani, kwa mujibu wa kamusi zake, mtu mwenyewe aliweza kufanyiwa hivyo, yaani kusemwa vibaya na kuharibiwa jina. Baadaye likawa neno la magazeti, na siku hizi la makampuni yanayotangaza takwimu zisizo za kweli.

"Tazama," alisema akigonga ukurasa. "Walilihitaji neno hili kabla hawajawa na gazeti hata moja. Habari zilikuwa zinabebwa mdomoni tu, na tayari zilikuwa zinamwagika."

Nilichukua miaka miwili ya Jumamosi kabla ya kumuuliza kwa nini neno hilo na si jingine. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha.

Mwaka wa themanini na saba mdogo wake Hillary alimpigia simu kutoka posta ya Voi. Philemon alikuwa London mwaka wa tisa. Hillary alisema: "Kaka, Mama ni mgonjwa. Hali yake si nzuri. Jitahidi uje." Laini ikakatika.

Msomaji aliyelelewa kwetu hahitaji kuelezwa. Maneno hayo ndiyo tunayompa aliye mbali ili asianguke njiani akiwa peke yake. Mtu akikuambia hali si nzuri, jitahidi uje, unavaa nguo nyeusi. Lakini Philemon alikuwa na miaka tisa ya kanda masikioni. Aliandika kilichosemwa. Mama ni mgonjwa. Aliomba likizo kwa utaratibu, akanunua sweta ya sufu na kopo la glukosi, akafika siku ya kumi na mbili. Aliteremka Wundanyi akiwa amebeba glukosi mkononi, akaonyeshwa kaburi ambalo udongo wake ulikuwa umeanza kukauka.

Waligombana palepale, mbele ya shangazi zao.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Ulisema anaumwa!"

"Kaka, mlima mzima ulielewa. Mbuzi walielewa. Wewe Uingereza imekula masikio?"

Hawakusemezana tena. Salamu zilipita kwa mtoto wa Hillary, James, alipokuwa mkubwa wa kutosha kuzibeba. Philemon aliporudi kazini, wakili mmoja kwenye kanda alilitamka lile neno. Philemon alisimamisha kanda, akairudisha nyuma, akalisikiliza mara tatu. Jioni hiyo alinunua daftari. Ukurasa wa mwisho, aliponionyesha, ulikuwa na mstari mmoja tu kwa Kiswahili: Hillary: alikosea au alikusudia?

Hilo ndilo alilotaka kulijua katika dunia hii. Kamusi zote za maktaba yangu hazikuwa na jibu. Aliyekuwa nalo alikuwa anakaa mlimani na simu mfukoni, na Philemon hakuweza kumpigia.

Oktoba mwaka juzi, Jumanne saa sita mchana, James alinipigia mimi kazini. Philemon hakuwa na simu ya mkononi, kwa hiyo salamu za James zilipitia kwangu. Alisema kifaa kinachosikika kila mahali hakisikilizi popote.

"Auntie, nina ujumbe kwa Baba Mkubwa. Mwambie Baba ni mgonjwa. Hali yake si nzuri. Ajitahidi aje."

Nilisimama katikati ya rafu. "James. Niambie ukweli. Yuko?"

Nikasikia viatu vya watu wakipita kwenye sakafu ngumu. "Auntie, wewe mwambie hivyo tu," akasema kwa sauti iliyokwaruza, akakata.

Nilimpigia tena mara mbili, simu imezimwa. Basi nikajua. Baba yangu mwenyewe nililetewa hivyohivyo, kwa maneno hayohayo, na sauti ileile ya kukwaruza.

Njia nzima kwenye tramu niliwaza jinsi ya kumwambia. Huyu mtu alipewa ugonjwa mara moja akapoteza mazishi. Nikaamua kwamba sitampa ugonjwa mara ya pili. Nitampa kifo, kizima, mkononi.

"Mzee, kaa kwanza."

"Umesema: kaa kwanza." Akaketi.

"James amepiga simu. Hillary ametutoka."

Jokofu lake lilinguruma kisha likanyamaza.

"Umesema: Hillary ametutoka," akasema.

Maneno yaliponirudia nikayasikia vizuri kwa mara ya kwanza, na hayakuwa ya James. Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Nilidhani namfanyia wema, na wema ukishatoka mdomoni ni vigumu kuurudisha. Philemon alitazama mikono yake.

"Basi sitajua," akasema.

Jumatano jioni nyumba yake ndogo ilijaa. Wakenya wa Croydon wanajua kukusanyika kwa matanga. Manesi walikuja na sare zao chini ya makoti, chapati zimefungwa kwa taulo, thermosi sita za chai zikapangwa kwenye kingo za dirisha. Watu waliketi kitandani, sakafuni, kwenye ngazi za nje. Tuliimba, tukaomba, mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kumwona Hillary akalia kuliko wote. Philemon alikaa kwenye kiti chake na koti jeusi, akimrudishia kila mtu rambirambi zake neno kwa neno.

Mahendra alifika wa mwisho, kutoka Rayners Lane, ng'ambo ya jiji zima. Huyu alizaliwa Kisumu na alichapa kanda meza moja na Philemon kwa miaka kumi na minne. Alikuwa na boksi la bhajia na miguu inayomuuma.

"Philemon, bwana, pole sana. Ndugu ni ndugu hata mkinuniana." Alimshika bega, kisha akatugeukia sisi wengine. "Mazishi siku gani? Nataka kutuma maua yafike kwa wakati."

Tukatazamana.

"Hamjui?" akasema Mahendra. "Watu arubaini mnalia bila tarehe? Nani amepewa habari hii?"

Macho yakanijia. Nikatoa simu, nikampigia James, na kwa kuwa kila mtu alitaka kusikia, nikaweka sauti juu. Safari hii iliita.

"James, pole sana mwanangu. Tunataka tu kujua mazishi ni lini."

"Mazishi ya nani, Auntie?"

"Ya... ya baba yako."

Kukasikika mkwaruzo, kitu kikagongwa, na sauti nyingine nyembamba kwa mbali ikauliza nani huyo na anataka nini.

"Ni Mama Emma wa London, Baba. Anauliza utazikwa lini."

"Mwambie bado natafuta nafasi," ikasema ile sauti.

Yule mwanamke aliyekuwa analia kuliko wote alipiga ukelele wa namna nyingine kabisa. Mahendra akaketi juu ya boksi lake la bhajia. Philemon aliinuka, akapita katikati ya miguu ya watu, akaichukua simu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea bakuli la uji.

"Umesema: bado unatafuta nafasi."

"Kaka?"

"Ni mimi."

"Mbona kuna watu wengi hapo?"

"Tunakulilia."

"Chakula kipo?"

"Kipo. Chapati, pilau. Mahendra ameleta bhajia, ameikalia."

"Basi kuleni," akasema Hillary, akaanza kukohoa, na Philemon akangoja mpaka kikohozi kiishe. Kwa miaka thelathini na saba alikuwa hajasikia kikohozi hicho.

Nilikuja kuelewa baadaye. James alikuwa amesimama wodini, baba yake anamsikiliza. Daktari alikuwa amesema siku zinaweza kuwa chache. James alisema maneno yale kwa sababu yalikuwa kweli, yote, kama yalivyo. Hatuna tena maneno ya kumtajia mgonjwa aliye hai, maana tumeyamaliza kwa wafu.

Watu walipoondoka nilibaki kuosha vikombe.

"Mzee," nikasema nikimpa mgongo, "James hakusema ametutoka. Nilisema mimi."

"Najua. Nilipoyarudia, uso wako ulibadilika. Ningekuuliza."

"Mbona hukuuliza?"

Alichukua kitambaa, akafuta kikombe kimoja muda mrefu sana.

"Niliogopa kwamba utaniambia anaumwa."

Aliondoka Jumapili. Emma, ambaye sasa ana miaka kumi na sita na hunijibu kwa Kiingereza hata nikimwita kula, alimbebea sanduku mpaka kituoni, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kusitasita, "Safari njema, Babu." Philemon alimrudishia maneno hayo, na safari hii mtoto hakucheka.

Alimkuta Hillary hai. Ameketi kitandani, mwembamba, analalamika kuhusu uji. Kila Jumamosi Philemon alinipigia kwa simu ya James, na Jumamosi ya pili aliniambia kwamba ameuliza. Hillary alikuwa na miaka kumi na tisa ile siku ya posta ya Voi. Alikuwa ametembea na kupanda gari tangu alfajiri, na nyuma yake palikuwa na foleni ya watu wanaongoja simu. Tangu mama yao afe alikuwa hajayatamka maneno yenyewe kwa mtu yeyote, kwa kuwa nyumbani wote walikuwepo, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Philemon ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza katika dunia ambaye Hillary alipaswa kumwambia. Akafungua mdomo, yakatoka yale mengine.

"Kwa hiyo alikosea au alikusudia?" nilimuuliza.

"Alikuwa mtoto, Mama Emma," Philemon akasema. "Neno langu halina nafasi ya hilo."

Madaktari walikuwa wamesema siku chache. Hillary alichukua wiki, kisha akaanza kutembea mpaka mlangoni.

Jumatano moja mwezi wa Desemba simu iliita nikiwa kazini. Ilikuwa namba ya James, lakini sauti haikuwa ya James.

"Mama Emma, huyu ni Hillary. Kaka amekufa jana asubuhi. Alikuwa amelala. Tunamzika Ijumaa, saa nane." Akavuta pumzi. "Nimesema vizuri?"

"Umesema vizuri," nikamwambia.

Nilikaa kati ya rafu mpaka mwanafunzi mmoja akaja kuuliza kama niko salama.

Mara ya mwisho Philemon kuongea nami ilikuwa Jumamosi iliyotangulia. Alinieleza ukungu ulivyoshuka, na kwamba wanabishana kila siku kuhusu jina la mbwa waliyekuwa naye utotoni, na hakuna anayetaka kushindwa. Nilimuuliza kama atarudi kwa ajili ya Krismasi. Nikasikia mtu akimwita kutoka ndani.

"Nikate sasa, Mama Emma," akasema. "Hillary amemimina chai, na hataki kuanza peke yake."