Tangazo la Tatu

Mtanisamehe makosa ya herufi na mwandiko huu unaolala. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole.

Siku ya kwanza ya ukatekista wangu, katika kigango kimoja, kanisa dogo la kijijini huko Mpitimbi, nilikuwa kijana mwenye haya, nikasoma somo zima nikiwa nimeinamia kitabu. Ilikuwa miaka ya ruksa, mitumba imejaa sokoni Mfaranyaki. Padre Paroko alifika kwetu mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine niliongoza ibada mimi: masomo, mafundisho, kisha matangazo ya ndoa. Majina ya wachumba husomwa Jumapili tatu, ili mwenye kujua kizuizi aseme.

"Mwalimu, soma majina tu," Paroko aliniambia. "Usiongeze lako."

Nilipozoea kuitwa mwalimu, haya ikanitoka. Nilipenda kufundisha habari za Yosefu, mchumba wa Maria. Nilisema aliitwa mtu wa haki kwa kuwa alishika sheria bila kumhurumia mtu.

Kabla ya tangazo la tatu la Agneta, aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya, mchumba wake Osmundi, fundi seremala, alikuja kwangu.

"Agneta ana mimba, mwalimu. Si yangu. Jumapili usisome majina yetu."

"Watu wakiuliza?"

"Waambie Osmundi hajamaliza kitanda cha arusi. Wanajua mimi mchelewaji. Wanicheke mimi."

Jumapili nikasimama, nikasema tangazo la tatu halisomwi kwa sababu bibi arusi ni mjamzito na mchumba wake si baba wa mtoto. Niliona nimetenda haki. Wimbo uliofuata ulikuwa wa Agneta kuuanzisha. Aliweka kitabu cha nyimbo juu ya benchi, akatoka. Mama yake akamfuata.

"Nilikuomba kunyamaza tu," Osmundi aliniambia mlangoni. "Kazi nyepesi ile."

Paroko alipofika hakunifokea. Alinipa Injili nisome habari za Yosefu.

"Alitaka kumwacha Maria namna gani?"

"Kwa siri, Baba."

"Kwa nini?"

"Asimwaibishe."

"Na mtu huyo ameitwaje?"

"Mtu wa haki."

"Umeifundisha hadithi hii mara ngapi, mwalimu?"

Nikaifunga Injili, nikamrudishia.

Nilihamishiwa kigango kingine, kisha kingine. Agneta alikwenda kukaa Msamala kwa mama yake mkubwa. Miaka ilipita ndipo nikamfuata. Alikuwa akikaanga vitumbua uani. Nikamwomba msamaha.

"Nimesikia, mwalimu," alisema, akigeuza kitumbua. "Ila ulinitangaza mbele ya watu. Msamaha unaniletea nyuma ya nyumba."

Haya ikanirudia. Nilitumika mpaka nikastaafu, na kila Jumapili nilisimama mbele ya watu, lakini neno hilo la kumwomba msamaha sikulisema.

Ninyi makatekista mnaoanza kazi, majina ya wale wawili nimeyabadilisha. Kosa ni langu, wala sikulipunguza. Isomeni barua hii kanisani, baada ya matangazo, watu wakiwa bado wamekaa. Kisha niandikieni, hata mstari mmoja, kwamba imesomwa.