Barafu Iliyomzuia Mama

Ibra mwenzangu, kila nifunguapo friza, ule ubaridi wenye harufu ya samaki unanirudisha jikoni kwa bibi. Siku moja, nikiwa mtoto, nyumba nzima ilinukia iliki. Bibi alishapika mkate wa kumimina, tukimngojea mama arudi likizo kutoka masomoni Uingereza. Simu ikalia: uwanja wa ndege wa huko umejaa barafu, ndege haziruki.

"Ya Rabbi, barafu tu?" bibi akauliza. "Hii hii tunayotia kwenye sharbati?"

Nikachukua kipande frizani, nikakibana kiganjani mpaka vidole vikafa ganzi na maji yakanichuruzika hadi kiwikoni.

"Bibi, imeyayuka. Mwambie mama aje."

Akanifuta mkono kwa kanga yake.

Mpaka leo nikishika barafu, siiachi mpaka imalizike.