Kontroli Boksi la Temeke na Mtu wa Kubaki

Aliyenitoa nyumbani ni shemeji yangu. Alinipigia simu Jumatatu, sauti imejaa huruma ya mtu aliyekwisha kupata mteja. "Shemeji, hilo gari limekufa. Jumapili nakuja na mtu, analichukua hivyo hivyo lilivyo, akauze spea." Nikamwambia likiwaka kabla ya Jumapili, asikanyage hapa na mtu wake. Akacheka. Kile kicheko ndicho kilichonipandisha hasira, na mnanijua nikipandwa na hasira, hata wale wa dawati la nyuma darasa la saba wananyamaza.

Nyie ndugu zangu mlioko Tukuyu msiniulize kwa nini nang'ang'ania gari dogo kuukuu. Tangu tumzike mume wangu, Baba Gwamaka, huko kwenu, na mwanangu Gwamaka arudi kazini kwake Mwanza, gari ndilo linalonitoa ndani. Nikimaliza kufundisha naendaga nalo kwaya Sinza, narudi nalo, siku imeisha. Lilipozima, kwaya nikaacha. Nikawa natoka shule, nafunga geti, nawasha redio ili nyumba iwe na mtu anayeongea. Naona aibu kuliandika lakini ndiyo kweli: likiondoka lile gari, mie ndani sitoki tena.

Tabata, Jumamosi asubuhi. Fundi Saidi alifika nikiwa bado nakunywa chai. Ni Mmakonde wa Newala, ametutengenezea gari tangu marehemu yupo. Akafungua mlango wa kushoto, akabinya zulia kwa kidole, maji yakatoka.

"Mama, huku kumeloa tangu masika. Hukuona?"

"Ningeonaje? Mie sikai huko."

"Na abiria wako hawakukwambia?"

Abiria gani? Tangu msiba hakuna aliyekanyaga lile zulia. Fundi naye akagundua alichouliza, akajifanya anatafuta bisibisi. Alilala chali chini ya dashibodi akachomoa kiboksi cha bati, ukubwa wake kama daftari nene. Hilo ndilo kontroli boksi, kompyuta ya injini, akanieleza. Ndilo linaloamua mafuta yaingie lini na plagi zichome lini. Likifa hilo, gari lote linabaki bati na viti.

Sinza tulifika baa zikiwa zinaoshwa, viti vimepinduliwa juu ya meza. Fundi wa umeme, rafiki yake Saidi, alilifungua boksi akanionyesha kutu ya kijani imetambaa ndani kote. "Sikudanganyi mama, hili la kuzika. Tafuteni lingine." Neno la kuzika halikunipendeza, lakini angejuaje.

Pale tulikuwa jirani kabisa na kanisa tunakofanyia mazoezi. Nilijifunika mtandio, nikaomba nisikutane na mwanakwaya yeyote wa kuniuliza nimepotelea wapi. Tukalipita geti la kanisa, tukamaliza mtaa mzima. Hakuna aliyeniita. Nilichoomba nilikipata, na kikaniuma.

Manzese, jua limeshakuwa kali. Huko kila mlango ni karakana, na ukisimama kidogo unauziwa kitu. Tulipata boksi lenye namba zile zile za letu, nikaanza kufungua mkoba. Saidi akanishika mkono.

"Chipu yake iko wapi?" akamuuliza muuzaji.

"Chipu ya nini? Namba si hizo hizo?"

Saidi akanigeukia. Boksi na ufunguo wa gari vinafahamiana, akasema. Ndani ya ufunguo kuna chipu ndogo kama punje ya mchele, boksi lisipoiona hiyo chipu linagoma. Ukinunua boksi la gari lingine uchukue na chipu yake, vinginevyo injini itazunguka mpaka betri ife na moto hautawaka.

"Sista, chukua mzigo, huyo fundi wako mwoga," muuzaji akasema.

"Heri mwoga wangu kuliko jasiri wewe," nikamjibu, nikafunga mkoba. Wenzake waliangua kicheko mpaka na yeye akacheka. Nilijisikia vizuri kwa muda mfupi. Siku hizi napata nafasi chache za kugombana na watu wazima.

Njiani kwenda Temeke tulipanda basi la mwendokasi mpaka Kariakoo, tukamalizia na bajaji. Humo kwenye bajaji mke wa Saidi akampigia. Simu yake ina sauti kubwa, kila kitu nikasikia. "Umekula?" Akasema bado. "Kula basi, wewe ukikaa na njaa unakuwa mkali." Basi, ikakatika. Yaani simu ya kumuuliza mtu kama amekula. Niligeuza uso nikawa nasoma mabango ya barabarani, yote ya simu na saruji, mpaka macho yakakauka.

Temeke, kabla ya adhuhuri. Duka lilikuwa refu na la giza, injini zimepangwa huku na huku, katikati njia ya mtu mmoja. Mwenye duka, Zuberi, mtu wa makamo, alinipa shikamoo kwanza kabla ya biashara, nikampenda kwa hilo. Boksi analo, na chipu yake imebandikwa juu kwa selotepu. Saidi akaligeuza mara mbili akaniitikia kwa kichwa: ndilo.

"Sasa sikilizeni," Zuberi akasema. "Kitu cha umeme nikishauza hakirudi. Ila kujaribu ruksa. Nendeni nalo kwenye gari, likiwaka mnalipa, lisipowaka mnarudisha. Ila mtu abaki hapa."

"Nikuachie hela yote," nikasema.

"Hela sitaki, mama. Wamenifanyia hivyo sana. Mtu anaacha hela, anarudi na bovu lake, anasema ndilo nililompa, tunashikana mashati. Hela haishuhudii boksi gani limetoka hapa. Mtu anashuhudia, na lazima waje wamchukue. Hapa kwangu ndiyo utaratibu. Nani anabaki?"

Wengine wanakujaga na mume, mpwa, jirani, dereva. Sie tulikuwa wawili na mmoja ndiye fundi. Enzi za marehemu angebaki yeye, na angefurahi, maana alipenda maduka ya vyuma kuliko mahubiri. Nikasema nabaki mie. Nikampa Saidi ufunguo wa gari, nikampa na wa geti, akaruka kwenye bodaboda na boksi kifuani.

Zuberi akanipa kreti la soda nikalie. Akapiga soga na wateja wake, mie nikabaki nahesabu injini. Adhuhuri ikaadhiniwa, akaenda kuswali, akarudi. Nikampigia Saidi: haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

Hapo ndipo akili ilipoanza kunisimulia. Mtu ana ufunguo wa gari, ana ufunguo wa geti, ana boksi jipya mkononi, na mwenye mali amekaa Temeke juu ya kreti. Mjinga nani hapo? Nikafungua majina kwenye simu nitafute wa kumwambia, tafadhali chungulia getini kwangu kama kuna gari. Gwamaka, yuko Mwanza. Shemeji, heri nife. Mweka hazina wa kwaya, huyo ananiandikiaga michango tu. Majirani zangu wa Tabata miaka yote nimewapungia mkono kwenye kioo cha gari, namba zao sina, majina yao sijui, ila Mama Junia wa mkaa, naye hana simu. Nikashuka orodha mpaka mwisho nikapanda tena. Jamani, mji mzima huu. Sikuwa na mtu hata mmoja wa kumtuma getini. Nililia kidogo, kwa utaratibu, nikielekea ukutani. Zuberi aliniona. Alileta chapati na maharage akaweka kwenye injini iliyokuwa karibu yangu.

Simu ikalia. Saidi.

"Mama, betri ya simu ilikufa, nimechomeka chaja yangu kwa muuza mkaa. Sikiliza."

Nikasikia mlango wa gari, kisha mlio wa starata, halafu injini ikashika, ikanguruma sawasawa kama zamani. Nikamwambia asiizime. Nikaisikiliza tu, chapati mkononi. "Mama, upo?" akauliza. Nipo, nikamwambia, acha iendelee.

Alinifuata nalo hapo Temeke kabla ya alasiri. Nikalipa, Zuberi akanipa mkono, akasema sasa mtu amekombolewa. Saidi alikuwa na kazi nyingine Mbagala, akaniaga akapanda bajaji. Nami nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango, naenda zangu Tabata, niliposikia mtu anabembeleza ndani ya duka.

Alikuwa mwanamume wa Lindi, shati limelowa jasho. Kirikuu chake, kile kipikapu kidogo cha mizigo, kilizima Mtongani na mzigo wa nazi, kamwacha fundi kwenye gari, yeye kaja kufuata boksi.

"Mtu wa kubaki?" Zuberi akauliza.

"Bosi, nipo peke yangu. Mie hapa Dar sina mtu. Chukua kitambulisho, chukua simu."

"Vitambulisho vya watu ninavyo kabati zima, braza. Nimesema mtu."

Yule bwana akatazama chini. Namna alivyotazama chini naijua. Nikarudi ndani, nikavuta lile kreti, nikakaa.

"Mie nabaki," nikasema.

Zuberi akanitumbulia macho. "Mama, unamfahamu huyu?"

"Simfahamu."

"Asiporudi ni juu yako."

"Nimesikia. Mpe boksi, nazi zake zinakaa juani."

Yule bwana alinishika mikono yote miwili, akasema mama, narudi, haki ya Mungu narudi. Akaondoka mbio. Nisiwaweke roho juu: alirudi, na nazi mbili akanipa. Lakini ninachotaka kuwaambia ni kile kipindi cha katikati. Gari langu lilikuwa mlangoni, zima, ufunguo mfukoni, sikuwa na sababu ya kukaa pale. Na nilikaa nimetulia kuliko nilivyotulia mwaka mzima. Nyumbani Tabata jioni nasikiaga geti la jirani likifunguliwa, nakumbuka kwamba langu halina wa kulifungua. Pale kwenye kreti kulikuwa na mtu ambaye lazima aje. Kumbe mie sijachoka kukaa peke yangu. Nimechoka kukaa bila wa kumsubiri.

Shemeji akapiga simu nikiwa hapo hapo.

"Shemeji, kesho saa nne nakuja na yule mteja."

"Gari limewaka," nikamwambia.

"Limewaka? Basi rudi nyumbani upumzike. Uko wapi saa hizi?"

"Temeke."

"Temeke unafanya nini tena, na gari limepona?"

"Kuna mtu namsubiri," nikasema.