Mwezi Mzima wa Vho-Tshinakaho

Vho-Tshinakaho alikuwa amepita miaka sabini alipofika kwenye zahanati yetu pale Venda, kaskazini mwa Afrika Kusini. Alikuwa amebakwa shambani kwake. Siku mbili alijifungia ndani, na ya tatu akaja kwa miguu, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Polisi hakuwataka. Aliyemfanyia hivyo alikuwa mtoto wa shemeji yake.

Zamu hiyo nilikuwa na Sista Muofhe, muuguzi mkuu wetu. Daktari alikuwa hospitali ya wilaya. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianzwe kabla ya siku tatu kupita, na kwa bibi huyu muda ulibaki saa chache tu. Muuguzi mwenzetu mmoja aliona si haki kumtesa.

"Sista, dawa zenyewe zinatapisha mwezi mzima. Kwa umri huu? Tumpe za maumivu akapumzike."

"Aamue mwenyewe," alisema Muofhe. "Wewe umemuuliza?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Muofhe akaingia, akapiga magoti sakafuni na sare yake nyeupe, akaviunganisha viganja na kumwamkia bibi kama mkwe anavyomwamkia mama mkwe. Kisha akamweleza yote bila kuficha: kipimo, kichefuchefu, na kwamba polisi wangeweza kusubiri lakini dawa haingeweza.

Bibi akamtazama pale sakafuni.

"Mwanangu, wewe unaniuliza kama nataka kuishi?"

"Ndiyo, Makhulu," alisema Muofhe, akimwita bibi kwa Kivenda.

"Nataka."

Kipimo kilionyesha hana virusi. Alimeza kidonge cha kwanza mbele yetu.

Nilimtembelea mara kadhaa. Alikonda. Alikuwa akitapika uji asubuhi, anasukutua, anapika mwingine, anakula upya ili dawa ikae. Nimewahi kuona vijana wenye nguvu wakiziacha wiki ya pili. Yeye hakuacha hata kidonge kimoja, na shamba alilima.

Baada ya miezi mitatu tulimpima tena. Alikuwa salama. Muofhe alipomwambia, machozi yalimtoka. Bibi akamshika mkono.

"Usilie, mwanangu. Sasa nipelekeni polisi. Nilikuwa namaliza kwanza kazi yenu."

Mahakamani alisimama, akakataa kiti alichopewa, akamtaja yule kijana kwa jina lake na la baba yake. Nilimtazama Muofhe pembeni yangu. Alikuwa ameviunganisha viganja vyake, kichwa ameinamisha.