Kura Ilimwangukia Mkewe

Watu walimwita Mama Maswali, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Zamani aliuza mitumba, na huko ndiko alikojifunza kumfanya mtu asimame, acheke, kisha aseme lililo moyoni. Sasa alikuwa karani wa utafiti. Alipita nyumba kwa nyumba kujua nani ana akaunti, nani anaweka akiba kwenye simu, nani anakopa wapi, na nani hana pa kukimbilia. Majibu yakishajumlishwa, wakubwa huko juu wanasema nchi imefika wapi na wanapanga mambo yao. Wakubwa hawakumnyima usingizi. Alichotaka yeye ni mtu ajibu kwa kinywa chake mwenyewe, na kwa hilo alikuwa mkali kama pilipili.

Siku hiyo ilibaki nyumba moja, ya fundi seremala. Fundi alimkaribisha vizuri, akajikalia kwenye kochi, tayari kuhojiwa. Mama Maswali akaingiza majina ya watu wazima wa nyumba ile kwenye kishikwambi chake, nacho kikapiga kura ya nani ahojiwe, kama kilivyofundishwa. Kikamchagua mke.

"Huyu?" Fundi akacheka, wala si kwa ubaya. "Huyu anashinda na cherehani yake tu. We andika hapana, hapana, hapana, tumalize. Mimi nipo."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na gauni la mteja begani. Aliinamisha macho tu. Mama Maswali akajua kwamba huyu ameshazoea kusemewa na mumewe, na roho ikamuuma.

Hapo simu ikaita. Alikuwa msimamizi wake, yuko barabarani na gari linataka kuondoka. "Chukua majibu ya mume, mama, ufunge kazi. Kuna ubaya gani?"

"Gari liende, mwanangu. Miguu ninayo."

Lakini shida yenyewe ilikuwa bado imekaa kochini. Sheria ya kazi inataka anayehojiwa awe peke yake, na fundi hakuwa na dalili ya kuinuka. Akibaki pale, mke angejibu hapana mpaka mwisho, na mwanamke mmoja zaidi angehesabiwa kuwa hana kitu. Mama Maswali akajitikisa kwenye kiti alichopewa. Akajitikisa tena.

"Shemeji, hiki umekitengeneza wewe?"

"Kwa mkono wangu."

"Mbona kinachechemea? Nimekaa viti vya mtaa mzima, hiki ndicho cha kwanza kutaka kuniangusha."

Kiti kilikuwa kimetulia tuli, kosa lilikuwa la makalio yake. Lakini ukitaka kumwinua fundi, iguse kazi yake. Fundi akakibeba kiti juujuu mpaka karakana ya uani, na punde wakasikia randa ikilia.

Mama Maswali akakaa mkekani karibu na cherehani, akaanza kuuliza. Akaunti? Anayo. Akiba? Anaweka kila wiki. Anadaiwa? Hadaiwi na mtu.

"Ukipatwa na dharura, fedha ungezipata wapi?"

Mke akacheka kwa mara ya kwanza. "Dada, dharura za watu zinakuja kwangu. Mwenye duka akikwama, yuko hapa. Kinyozi akikwama, yuko hapa. Hata msumeno wa umeme wa huyu bwana, fedha za kuununua alimkopa kinyozi, akarudi kunisimulia rafiki yake alivyo mwema. Kinyozi alizitoa kwangu."

"Na hukumwambia?"

"Hajawahi kuniuliza."

Fundi akarudi na kiti. Safari hii kilichechemea kweli, maana alipunguza mguu uliokuwa mzima. "Haya, amejibu hapana ngapi?"

"Majibu ya mtu ni siri, shemeji. Hata unichinje."

Mke akaliweka gauni chini, akasimama. "Dada, niulize tena lile la dharura."

Mama Maswali akamtazama usoni, akaona hatanii. Mwenye siri akitaka kuitoa, karani ni nani amzuie? Akauliza kwa sauti. Mke naye akajibu kwa sauti, kuanzia mwenye duka, akaja kwa kinyozi, akamalizia na msumeno, na safari hii macho hakuyashusha.

Fundi akakaa kwenye kiti chake kinachochechemea.

"Zile hapana zangu," akauliza hatimaye, "uliziandika?"

"Hata moja."

"Afadhali." "Andika ya kwake, yote, usiruke kitu. Wakisoma huko waliko, wajue kuna mtu kama huyu, na ni mke wangu."

Mama Maswali akabonyeza kutuma, akawaaga, akaenda zake peke yake barabarani, kifua mbele.