Shavu la Mama Yustina

Siku yangu ya kwanza kazini Sumbawanga, Mganga Mkuu alinikuta mlangoni mwa chumba cha upasuaji nikitetemeka. Nilitoka Mbeya, nikidhani baridi naijua. "Sista," akasema, "hapa uso wa mtu haushonwi kama gunia." Nilinuna kutwa nzima.

Alikuwa mkali, lakini alinifundisha. Saratani ya shavu ikikatwa hubaki shimo. Tuliliziba kwa ngozi ya kifuani, tukaiacha imeshikilia shina lake, yaani upande mmoja usiokatwa kifuani, ili damu iendelee kupita. Mgonjwa alikaa wiki kadhaa shingo imeinama, kifua kimeungana na shavu, mpaka ngozi ishike ndipo tukate shina. Nyuzi za usoni tulizitoa mapema ili zisiache alama.

Ndivyo tulivyomtibu Mama Yustina. Kidonda kilipona, lakini shavu lilibaki limevimba na pembe ya mdomo imevutwa chini. Zamani angejificha shambani kwake. Sasa walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, na kila akienda kuchota maji watu wanamkodolea macho. Naye binti yake Yustina alikuwa karibu kuolewa. Mganga Mkuu akaahidi kumpasua tena, apunguze nyama ya shavu na kuinua mdomo.

Siku ya kumwandaa nilipapasa shingo yake, nikagusa uvimbe mgumu. Saratani ilikuwa imerudi, tena mahali pasipokatika. Nilimwita Mganga Mkuu naye apapase. Akapapasa, akanivuta pembeni.

"Basi, Sista. Hakuna haja ya kumrembesha tena."

Mama Yustina alisikia. "Daktari, kufa nitakufa. Nataka nimpokee mkwe wangu bila kujifunika kanga usoni."

Mganga Mkuu akaenda kunawa mikono. Alishona kwa uzi mwembamba kuliko wote tuliokuwa nao, polepole, bila kunigombeza hata mara moja.

Harusini nilialikwa. Mama Yustina alikaa mbele, uso wazi, mdomo umenyooka. Mkwe akaja, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu, macho chini. Kwa heshima ya kwao, mkwe hamtazami mama mkwe usoni.

"Sista," Mama Yustina akaninong'oneza, "nimepasuliwa kwa ajili ya mtu anayetazama miguu yangu!" Tulicheka mpaka akashika mshono.

Alifariki kabla ya mavuno, ulezi ukiwa bado shambani.

Siku hizi nimestaafu, naishi Kizwite, papa hapa Sumbawanga. Wauguzi vijana hupita kunisalimu: "Shikamoo bibi." Wengine huniuliza kwa nini tulihangaikia sura ya mtu tuliyejua anakufa. Nawasimulia siku ya kumuaga, watu walipopita mmoja mmoja mbele ya jeneza. Mkwe alipofika alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza, akasimama hapo hata waliomfuata wakaanza kusongamana. Kisha akanigeukia, machozi yanamtiririka.

"Sista, kumbe mama alikuwa mzuri hivi."