Mwaka Ambao Bata Hawakufika Istanbul

Dereva alizima injini mbele ya duka lililofungwa, akageuka, akatuambia kwamba barabara imeishia hapo. Mlima tuliopaswa kuuvuka kabla ya adhuhuri ili tufike mji wa Ardahan ulikuwa haupo tena. Mahali pake palikuwa na weupe mtupu. Abiria wenzangu wanne walikuwa watu wa kijiji kile kile. Walishuka na mifuko yao bila hata kuguna, nikabaki peke yangu kitini.

"Wewe nenda kwa mama Zernigar," akasema dereva, ambaye jina lake ni Rasim. "Nyumba yenye bata. Anakaa peke yake, chumba anacho. Ila usimwambie umeshiba. Atakuchukia."

Nimeishi nchi hii miaka kumi na saba, lakini kijiji hicho nilikuwa sijawahi hata kukisikia. Bata niliwaona kabla ya nyumba yenyewe. Walikuwa bata bukini saba waliochinjwa na kunyonyolewa, wakatiwa chumvi na kuning'inizwa kwa miguu chini ya paa, upande wa kaskazini ambako jua halifiki. Walikuwa wamekauka wakawa wa manjano. Upepo ukivuma, waligongana kama vipande vya mbao.

Mlango ulifunguka kabla sijabisha. Aliyetoka alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, koleo la theluji mkononi.

"Umetumwa na Rasim?"

"Ndiyo, mama."

"Rasim ananiletea watu kama vile mimi ni stesheni. Ingia basi. Na ufunge mlango, joto hili si la kijiji kizima."

Ndani kulikuwa na jiko la bati linalokula samadi iliyokaushwa, meza moja, na katikati ya sakafu mfuko mkubwa wa safari uliokuwa wazi. Nilidhani nimemkuta anajiandaa kuondoka siku hiyo hiyo. Kumbe mfuko ule ulikuwa hapo tangu Novemba. Ndani yake mlikuwa na jibini lililofungwa kwa kitambaa, asali, mto mpya wa manyoya, na soksi za sufu jozi tatu.

"Unafanya kazi gani?" aliniuliza huku akinimiminia chai.

"Naandika, mama."

"Kumbe. Basi kazi yako inafanyika popote penye meza."

Nikasema ndiyo, bila kujua kwamba jibu hilo lilikuwa limewekwa akiba.

Safari yenyewe alinieleza jioni ile, kwa vipande vipande, kati ya kulisha jiko na kuosha vyombo. Alikuwa na mtoto mmoja, Vedat, aliyehamia Istanbul miaka kumi na moja iliyopita. Alipata kazi ya ofisini, akaoa msichana wa Izmir aitwaye Pelin, wakawa wanakaa ghorofa ya tano. Mara ya mwisho alikuja kumzika baba yake, miaka sita nyuma, akakaa siku tatu. Kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri anapiga simu. Mama akigusia kwamba angependa kwenda kuwaona, mwana hujibu: njoo kiangazi, mama, majira ya baridi huku si mazuri, nyumba ni ndogo.

"Kiangazi!" Zernigar aliitamka kama mtu anayetaja ugonjwa. "Kiangazi nyasi za ng'ombe atakata nani? Vifaranga atavichunga nani? Mimi nafasi yangu ni sasa. Theluji ikishaanguka Mungu mwenyewe anatuambia pumzikeni."

Nimekutana na familia nyingi za namna hiyo katika nchi hii. Watu wa mjini hupumzika jua likiwaka, watu wa milimani hupumzika jua likipotea, na kwa hiyo mwaka wa mama na mwaka wa mwana haikutani.

Bata nao ni chakula cha majira ya baridi. Huku hawachinjwi hadi theluji ya kwanza ianguke na bata waikanyage. Kabla ya hapo, wanasema, nyama hunuka majani. Kila mwaka tangu Vedat aondoke, mama yake alikuwa akipakia wawili katika boksi na kuwatuma kwa basi. Na kila mwaka Vedat alisema kwenye simu: tumekula, mama, mikono yako iwe na afya.

"Mwaka huu sijatuma," alisema. "Nitawapeleka mwenyewe. Alhamisi, tarehe kumi na nane."

"Vedat anajua?"

"Nikimwambia atasema kiangazi."

Ukutani kulikuwa na kalenda ile ya kuchanwa, ukurasa mmoja kwa siku moja, yenye nyakati za sala na methali nyuma. Nilipoisogelea na kuzifunua kurasa niliona kitu cha ajabu. Chini ya tarehe kumi na saba, tarehe iliyofuata ilikuwa thelathini.

"Nimezitoa kumi na mbili," alisema. "Ziko mfukoni, chini ya soksi. Nitazichana kule, moja kila asubuhi. Nikiziacha hapa zitachanwa na nani?"

Asubuhi ya pili alikuja jirani yake Telli, mjane kama yeye, mkubwa wa umbo na wa sauti. Aliuruka mfuko wa safari, akakaa karibu na jiko, akaniangalia kwa furaha.

"Kakwambia anaenda Istanbul? Mwaka juzi alienda mpaka kisimani. Mwaka jana akajitahidi, akafika zizini. Mwaka huu, Mungu akipenda, anaweza kufika kituo cha basi."

"Kunywa chai yako, Telli, ulimi utaungua."

"Na ukifika utalala wapi? Kwenye roshani yao, pamoja na maua ya plastiki?"

"Nitalala kwa mwanangu. Kifuani kwake mwenyewe, kama alivyolala kifuani kwangu akiwa na homa."

"Mwanaume wa miaka arobaini!"

Wakacheka wote wawili mpaka Telli akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Lakini alipokuwa akiondoka aliniambia mlangoni, kwa sauti ya chini ambayo kwake bado ilikuwa kubwa, kwamba miaka yote miwili mfuko ule ulifungwa vizuri kabisa, na kila mara ilitosha simu moja ya Ijumaa kuufungua.

Barabara ilikuwa bado imefungwa Jumanne mchana, simu ya mezani ilipolia. Sote wawili tuliitazama, kwa sababu haikuwa Ijumaa. Zernigar alikuwa anakanda unga. Akabonyeza kitufe cha kipaza sauti kwa kifundo cha mkono.

"Halo? Ni kwa mama Zernigar?" Ilikuwa sauti ya mwanaume, yenye lafudhi ya huku huku.

"Ndiyo. Nani mwenzangu?"

"Dada, mimi Isfendiyar. Hunijui. Ni bawabu wa jengo analokaa Vedat, huku Istanbul. Namba nimeitoa kwenye boksi lako la mwaka jana. Samahani kwa usumbufu. Uko mzima?"

"Mzima. Vedat ana nini?"

"Hana kitu, dada, hana kitu! Leo asubuhi kaenda kazini, kanisalimia. Ni sisi tu hapa chini. Januari inafika katikati na bata hawajaja. Mke wangu kaniambia, hebu piga simu, isije ikawa yule mama kapatwa na jambo."

Mikono ya Zernigar ilisimama ndani ya unga.

"Bata," alisema.

"Bata wako, dada, Mungu akulipe! Sisi ni watu wa Göle, si mbali na kwenu, bata aliyetiwa chumvi na mtu anayejua tunamtambua. Mke wangu humning'iniza juu ya ngano ya bulguri, mafuta yote yanashukia humo, watoto wanagombea kukomba sufuria. Kila mwaka Vedat hulileta boksi hata hajalifungua, anasema chukueni ninyi, Pelin harufu yake..."

Sauti ikakatika. Nilisikia kwa mbali lifti ikifunga milango yake, na mtu akivuta pumzi.

"Kila mwaka?" aliuliza Zernigar.

"Dada, mimi nilidhani unajua."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kazi hapa. Miaka saba."

Zernigar aliuliza, kwa sauti ile ile aliyotumia kumuuliza Telli anataka sukari kiasi gani:

"Chumvi mlikuwa mnaitoa vizuri?"

"Siku nzima kwenye maji, dada. Nabadilisha mara tatu."

"Vizuri."

"Dada, nisamehe, mimi mdomo wangu..."

"Umekosa nini? Umekula chakula. Wasalimie watoto."

Alibonyeza kitufe kwa kifundo kile kile, akaendelea kukanda. Alikanda muda mrefu kuliko unga ule ulivyohitaji.

"Mwaka ule wa kwanza alipooa," alisema hatimaye, bila kunitazama, "nilimuuliza, bata mlimpika na nini? Akasema, na wali." Akaupiga unga. "Mtoto wa hapa! Kaona bata akipikwa tangu hajaota jino. Bata kwa wali! Nikajiambia, mke ni mtu wa Izmir, labda kwao ndivyo. Nilijua, mwanangu. Siku ile ile nilijua. Nikaukalia ukweli kama bata anayekalia mayai mabovu."

Nikainuka, nikalilisha jiko samadi.

Jioni, kabla ya kuwasha taa, aliinama mfukoni, akatoa kurasa zake kumi na mbili kutoka chini ya soksi, akazirudisha kwenye kalenda kwa pini.

Jumatano hakuitaja safari. Alitoa theluji mlangoni, akalisha bata wake hai, akasafisha jiko ambalo lilikuwa safi. Telli alipokuja aliitazama kalenda, akautazama mfuko, kisha akaanza kuzungumza habari za ng'ombe wake, taratibu, mpaka chai ilipokwisha. Ndipo nilipojua kwamba mambo ni mabaya. Mchana tukasikia mashine ya kuondoa theluji ikipita, na Rasim akapitisha kichwa mlangoni kusema kwamba kesho asubuhi atashuka mjini Kars, kwenye mabasi ya Istanbul. Njia ya Ardahan nayo itafunguka, aliniambia, pengine baada ya siku moja.

Nilipoamka Alhamisi, kalenda ilisomeka tarehe thelathini; zile kurasa kumi na mbili zilikuwa zimetolewa tena.

Zernigar alikuwa tayari amevaa koti. Alikuwa nje, juu ya kigoda, akiwateremsha bata. Aliteremsha wawili, akawafunga kwa gazeti. Kisha akapanda tena akateremsha wengine wawili.

"Meza unayo," aliniambia. "Kuni zipo, samadi ipo, bata wanne hai wako zizini. Dume atakuuma siku ya kwanza. Mwache akuume, ataridhika."

"Mama, mimi nilikuwa naenda Ardahan."

"Ardahan inakwenda wapi? Ipo tu."

Nikavua kofia niliyokuwa nimeivaa. Tukaingia ndani, nikamsaidia kuwapanga bata wale mfukoni, juu ya mto wa manyoya.

"Umempigia Vedat?"

"Kwani kiangazi kimefika?" Akakandamiza nguo kwa goti ili zipu ifunge. "Nikishuka basini naenda jengoni, nabisha mlango wa chini kwanza. Kwa yule Isfendiyar. Wale niliwachelewea wakahesabu siku, wakapiga simu. Kwao pengo langu lilionekana. Nitaingia jikoni na mke wake, tutapika bata kama anavyopikwa, na bulguri. Harufu itapanda ghorofa ya tano yenyewe, haihitaji lifti. Vedat akishuka, kashuka."

"Na asiposhuka?"

Zipu ilikuwa imekwama kwenye soksi. Aliitoa soksi, akaivuta tena, ikafunga.

"Nitakuwa nimekula na watu."

Rasim alipiga honi. Telli alikuwa tayari barabarani, na mkononi alishika birika la maji. Hapa msafiri akiondoka humwagiwa maji nyuma yake, ili aende kama maji na arudi kama maji, bila kikwazo. Nilikumbuka kwamba Zernigar hakuniambia kamwe nani alikuwa amwage maji hayo miaka ile miwili aliyoufunga mfuko.

"Mwaga wewe," Telli akanisukumia birika. "Nikimwaga mimi atarudi kesho aje kunisumbua."

"Nami nitakukumbuka, nguruwe mkubwa," alisema Zernigar, na Telli akageuza uso upande wa msikiti.

Alikaa kiti cha mbele, mfuko mapajani kwa kuwa hakukubali uwekwe nyuma. Rasim alipotia gia, alishusha kioo.

"Kesho Ijumaa. Vedat atapiga. Mwambie niko zizini."

"Na akipiga tena?"

"Hapigi mara mbili," alisema, akapandisha kioo.

Nilimwaga maji yote. Gari lilikuwa halijafika kwenye kona ya msikiti nilipoyaona yameganda kwenye alama ya matairi, yaking'aa. Telli aliyakanyaga kwa kisigino kuona kama yatavunjika, hayakuvunjika. Mlango nyuma yangu ulikuwa wazi na joto lilikuwa linatoka. Nikaingia, nikaufunga.